Mama Mkwe Asiyechimba

Kichakani nako kuna wakwe. Bi Nungunungu alikuwa na wakaza wana watatu waliomtunza kama yai, kwa kuwa kwao mama mkwe kuonekana akichimba ni aibu. Mizizi ilimfuata pangoni, maji yakamfuata pangoni. Kila asubuhi alimwona jirani yake Bi Ngiri, aliyemzidi umri, akitimka kwenda mtoni, akamhurumia.

“Mwenzangu, huna hata mkwe mmoja wa kukutekea maji?”

“Ninao. Nawakatalia.”

Bi Nungunungu akasonya moyoni.

Miaka ikapita. Magoti yakaanza kumuuma, pumzi ikawa fupi, presha ikapanda. Binti yake alipojifungua ng'ambo ya kilima, alitoka kwenda kumwona mjukuu, akaishia chini ya mteremko akihema. Bi Ngiri akampita, akapanda, akarudi.

“Mtoto hajambo,” alimwambia. “Ana macho yako.”

Macho hayo yakalengwa na machozi.

Alipojikokota hadi pangoni, aliwakuta wakaza wana wakimsubiri na mizizi.

“Kaa, mama, tumekuletea.”

“Irudisheni,” alisema. “Kama kweli mnaniheshimu, kuanzia kesho nisindikizeni mtoni, polepole, mpaka miguu iweze kile kilima. Nataka kumwona mjukuu wangu kabla hajaota miiba.”