Jina la Mama Peniel

"Mama Peniel anaitwa nani?" aliuliza mgeni kutoka Dar es Salaam, mjumbe wa mnunuzi mpya wa kiwanda chetu cha mafuta ya alizeti.

Ofisi nzima ilinigeukia mimi, mwanafunzi wa bweni niliyekuja likizo kupanga taarifa za wafanyakazi kwenye kompyuta tatu zilizounganishwa kwa waya.

Nilikuwa nimezipanga kwa heshima zote. Kila idara na faili lake, kila mtu na majina ya kwenye cheti. Yale ya Mama Fulani niliyafuta, nikatangaza kwamba hapa ni kampuni, si kisimani. Walicheka sana. Hata Mama Peniel alicheka.

"Stoo inabaki na mtu mmoja tu, wengine wanaachishwa kazi," alisema meneja. "Awe yeye. Anatambua mbegu mbovu kwa kunusa."

Nilifungua faili la stoo. Wanawake watatu: Rahabu, Agripina, Eliana. Wote walikuwa wamekwenda msibani Ulemo, ambako hakuna simu.

"Miaka kumi na miwili yuko hapa, mnamwita Mama Peniel tu?" aliuliza mgeni.

"Hapana, bosi," alijibu karani kwa unyenyekevu. "Tunaanza na shikamoo."

Nje, dereva aliwasha gari.

"Kijana, orodha hii naondoka nayo. Nitajie jina moja."

Nilimtazama meneja. Alikuwa anakagua viatu vyake. Kidole changu kiliteleza kwa jasho juu ya kitufe, kikashuka mstari mmoja.

"Agripina," nilisema, naye akaandika.