Betri Juani

Siku hizi hakuna kitu cha betri kinachofunguliwa. Betri huzaliwa humo na kufia humo, na ikifa, wazoaji huja kukichukua kitu kizima. Shemsa alishaizoea sheria hiyo, kama mtu anavyozoea kiatu kinachombana.

Asubuhi ile padi ya gemu ililia kidogo, ikazimika mkononi mwa mumewe, Kombo, katikati ya mechi yao. Waliichaji, wapi!

"Zamani ungefungua mfuniko tu, ukatia betri nyingine," alisema Kombo akiigeuzageuza. "Za redio zikifa, bibi alikuwa akizianika juani, jioni tunasikiliza taarifa ya habari."

"Iweke mlangoni, watakuja kuichukua," Shemsa alijibu kwa uchovu. "Wataleta nyingine."

Kombo alikuwa amejishika kifua, pale kilipo kifaa cha moyo alichowekewa hospitalini. Kilikuwa kinalia. Mlio mdogo, uleule wa padi.

Shemsa alimtazama. Akaenda kutia komeo mlango wa mbele. Kisha akabeba kiti hadi uani, akamketisha mumewe juani, akaanza kumfungua vifungo vya shati.