Aliyeita Nani

Siku hizi kampuni changa haiuzi akili ya mashine mpaka ilelewe kwanza nyumbani kwa watu, ifunzwe kusema. Mwanakheri aliiweka yake juu ya kabati, akaizungumzisha kutwa, na kampuni iliyoanzia chumba kimoja ikahamia ghorofani.

“Kinywa chako kina baraka, Mama Shani,” mwenye kampuni alimsifu.

Shani, mwenye miaka miwili, hakuwa ametamka neno. Mama yake alijua maneno yote yalikokwenda.

Jioni moja, akichagua mchele, alisikia nyuma yake, “Mama.”

“Abee, kipenzi. Nikimaliza tutaendelea na hadithi yetu,” alijibu bila kugeuka.

Mashine ikasema taratibu, “Si mimi niliyekuita, mama.”

Aligeuka. Shani alikuwa ameshakirudisha kidole kinywani.