Sura Haina Pua

"Fundi, na pua iko wapi?"

Obuya alishuka ngazi pole pole, akajipanguza chokaa kwa miguu ya trao yake. Siku tatu amekuwa akitengeneza hiyo sura kubwa ya mungu kwa ukuta ya huyu madam wa mtaa wa Karen, akifuata picha ya hekalu ya Wamaya, watu wa kitambo sana huko Mexico. Macho, masikio, meno, yote aliweka vile picha inasema.

"Kwa picha haina pua, madam."

"Si ilivunjika! Miaka elfu moja na mia tano, we!" Madam akacheka mpaka akashika kiuno.

"Ilikuwa inakaa aje?"

"Hakuna mtu anajua. Weka tu, lakini ikae ya mungu."

Plasta ilikuwa imeanza kukauka. Akichelewa, pua haitashika, itabidi abomoe sura yote. Obuya akachukua bonge la plasta, akafunga macho kidogo, vidole zikaenda zenyewe. Ikatoka pua pana, imetulia, na kovu kadogo upande wa kushoto.

Madam akasogea karibu. Akaangalia ukuta, akamwangalia yeye.

"Fundi, hiyo si pua yako?"

"Hapana, madam. Yangu ni ya baba. Hiyo ni ya mamangu."

Na kabla madam aamue kama itabaki au itolewe, Obuya akachovya brashi kwa rangi nyekundu, ile ya kwa picha, akaanza kuipaka.