Maharage ya Kamera

Taa ya kamera ilipozimika tu, waziri wa fedha akayatema maharage bakulini, pwaa, yakiwa yametafunwa nusu.

Dada yake akaduwaa. Ndiyo yaliyokuwa ya mwisho nyumbani mwake, na wanawe walijazana mlangoni wakisubiri atakachobakisha mjomba.

“Kaka, ulipokuwa balozi si ulikula konokono ukaomba uongezewe?”

“Kule ni kazini, dada. Hivi vyenu vinanishinda.” Akajifuta ulimi kwa kitambaa.

Mpiga picha akajikuna kichwa. “Samahani, mheshimiwa, sauti haikuingia. Turudie, wananchi wakuone unavyofunga mkanda pamoja nao.”

Waziri akavaa tena tabasamu lake. “Haya, dada, nipakulie mengine.”

Dada akamsogezea bakuli lile lile, ute ukining’inia ukingoni.

“Kula, kaka,” akasema kwa upole. “Taa imewaka.”