Nati Sugu za Kapteni

Spana iliteleza tena, ngumi ya fundi ikagonga silinda.

"Unaishika kama kijiko cha chai," mjomba wake alisema nyuma yake. "Enzi zetu nati zilikuwa zinatuogopa."

Mjomba, ambaye wote walimwita Kapteni, alikuwa rubani mstaafu. Yaani kila mtu alikuwa ameshamstaafisha isipokuwa yeye mwenyewe. Kijindege chake kikuukuu cha injini moja kilipasuka silinda, na bila kuibadilisha hakiruki. Silinda mpya ilikuwa imeshafika. Kilichokwamisha kazi ni nati za ile ya zamani: pembe zimelika, nati zimekuwa mviringo kama shanga, spana haina pa kung'ata.

Ushauri haukukosekana. Kapteni aliagiza zimwagiwe mafuta, zikamwagiwa. Akaagiza zipashwe moto, zikapashwa. Akaagiza zigongwe kwa tindo, kisha, kwa hekima zaidi, akaagiza zibembelezwe. Nati zikabaki palepale, zinang'aa, zimenawiri kuliko fundi.

"Ajabu," Kapteni alisema, ameinama hadi pua inakaribia kugusa chuma. "Juzijuzi zilikuwa na pembe hizi."

"Chuma kimechoka, Mjomba."

"Kimechoka nini? Mimi na injini hii ni rika moja. Mimi nimechoka?"

Fundi akajishughulisha na kufuta spana. Safari ya mwisho, Kapteni alitua nje ya kiwanja, akakilaumu kiwanja kwa kusogea. Na asubuhi hiyo, alipoingia bandani, alilisalimia koti lililotundikwa mlangoni. Koti halikuitika. Likagombezwa kwa kukosa adabu.

"Basi tafuta fundi mwingine, Mjomba. Sitakasirika."

"Wababaishaji watupu hao! Wewe angalau ni damu yangu. Kesho nawarusha wajukuu, nimeshawaahidi. Hizo nati utazing'oa hata kwa meno."

Mke wa Kapteni alichungulia mlangoni. "Baba, chakula kinapoa."

Kapteni alitoka kifua mbele, akaikwepa ngazi kwa bahati tu. Mkewe akabaki nyuma kidogo, akamsogelea fundi, sauti chini.

"Zimebaki ngapi, mwanangu?"

"Mbili, Mama. Ziko nyuma ya silinda, mkono haufiki vizuri."

"Jikaze. Watoto wameshaanza kugombania kiti cha mbele."

"Nitazimaliza leo leo."

Yule mama akamshika bega, machozi yakimlengalenga, akamfuata mumewe.

Fundi alisubiri hadi sauti ya mjomba wake, akiwasifia wajukuu mawingu, ilipopotelea ndani ya nyumba. Ndipo akachomoa tupa kiunoni, akapenyeza mkono nyuma ya silinda, akazipapasa zile nati mbili zilizokuwa bado na pembe, na kuanza kuzisaga.