Mama Anakungoja

Mzee seremala alishikilia vyuma viwili vya kujifunzia kutembea hospitalini, jasho likimtiririka. Tangu kiharusi kimwangushe, mguu wake wa kushoto ulikuwa mzito kama gogo.

Mbele yake, binti yake alinyoosha mkono. "Njoo, baba. Mama anakungoja nyumbani."

Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa dawa yake. Kila alipochoka alimkumbuka mkewe, akajikaza kisabuni. Leo aliuburuta mguu mpaka akaufikia ule mkono, akaushika.

Kidole chake kikagusa pete kwenye kidole cha binti. Ilikuwa nyembamba, imebonyea upande mmoja, pale nyundo yake ilipoteleza mkewe akimshikia ubao. Mkewe hakuwahi kuivua, hata akikanda unga.

Akamtazama binti. Binti akainamisha macho.

"Lini?"

"Mwezi uliopita, baba. Tuliogopa utakata tamaa."

Muuguzi akasogeza kiti, akidhani mzee amechoka. Mzee akakikataa kwa kichwa, akabaki amesimama.

"Sasa nikishaweza kutembea," akauliza polepole, "nitakwenda kwa nani?"

Binti hakuuachia mkono wa baba yake.